Kakopeshwa mamilioni miaka mitatu, leo chuo kinamfungia mtihani kwa deni la 186,000

Wakuu habari zenu. Nimejizuia siku nne nisiandike kwa hasira, nimeshindwa.

Mdogo wangu wa mwisho yuko mwaka wa tatu, ualimu wa sayansi, chuo kimoja cha serikali ambacho jina nalihifadhi. UE, yaani mitihani ya chuo ya semesta ya mwisho, zimeanza Jumatatu. Yeye hajaingia. Anadaiwa 186,000, mfumo umegoma kumpa namba ya mtihani, na dirishani kwa mhasibu kajibiwa "kamalize deni ndio urudi". Hakuna aliyemuuliza kwao wanaishije, wala amelipa kiasi gani mpaka kufika hapo.

Kwetu ni kijijini, Kasulu. Baba alishafariki, mama analima maharage. Mkopo wa Bodi ya Mikopo alipata, tunashukuru, ila haukufunika ada yote. Kilichobaki tumekuwa tukichanga kila mwaka: mimi natoa, mjomba anatoa, mama anauza gunia. Halafu kuna vile vitu mkopo hauvigusi kabisa. Bima ya afya 50,400. Ada ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, 20,000. Kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi. Mtu mwenye mshahara anaviona vidogo. Mama yangu ukimtajia 70,400 anaanza kuhesabu madebe yaliyobaki ndani.

Najua kuna watakaouliza boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo, anapeleka wapi. Boom ni 10,000 kwa siku tangu 2022, kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Hosteli alikosa, kapanga mtaani, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kodi ya mwezi mmoja mmoja. Toa kodi, toa nauli, toa kuprinti kazi za darasani, halafu anajaribu kupunguza na deni la ada humo humo. Anapiga pasi ndefu: wali maharage saa kumi jioni, mpaka kesho saa kumi. Alipokuja Desemba nilidhani anaumwa. Nikamwambia twende hospitali, akanijibu "kaka, ni njaa tu".

Sasa tupige hesabu. Chukua boom peke yake, tena kwa siku 200 tu za mwaka. Ni milioni 2 kwa mwaka, milioni 6 kwa miaka mitatu, ada bado hujaigusa. Hela yote hiyo ya umma inamwagwa chini kwa sababu ya 186,000! Na deni lenyewe haliondoki. Tangu sheria ya Bodi ya Mikopo irekebishwe mwaka 2016, mnufaika akiajiriwa anakatwa 15% ya mshahara. Huyu ataajiriwa na nini, cheti cha form six?

Serikali imefungua milango, hilo silikatai. Ada ilifutwa mpaka form four mwaka 2016, ikafutwa form five na six mwaka 2022, na mwaka 2023 hata wa stashahada wakaanza kukopeshwa. Bila hivyo huyu dogo asingefika chuo. Lakini vyuo vinajisifia idadi ya waliodahiliwa tu. Hawa wanaokusanya godoro na ndoo usiku wakarudi kijijini kimya kimya, nani anawahesabu? Rafiki yake wa chumba kimoja aliondoka hivyo mwaka wa pili, wala hakuna mtu wa chuo aliyepiga simu kuuliza yuko wapi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dawa ipo na si ya gharama. Mwache afanye mtihani, zuia cheti mpaka alipe. Cheti kiko kabatini kwako, atakimbilia wapi? Chuo kina orodha ya wadaiwa tangu mwanzo wa semesta, kina afisa mikopo, kina mlezi wa wanafunzi (dean) anayelipwa kwa kazi hiyo. Muiteni mtoto mapema mkae naye, mpangiane awamu, kuliko kusubiri asubuhi ya mtihani. Wanaotoka kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF wanajulikana kwa majina, kwa nini wasipewe hosteli kwanza kabla ya wenye kwao kilomita tano kutoka chuoni? Na kwa nini chuo kinachokusanya ada za maelfu ya wanafunzi kisitenge mfuko mdogo wa kuwaokoa wa mwaka wa mwisho wenye deni kama hili?

Wakuu, karatasi mbili zimeshampita. Zimebaki tatu, ya kwanza ni Jumatatu saa mbili asubuhi. Mimi nimepata 90,000, mjomba kaahidi 40,000 kesho. Anayejua taratibu aniambie: mkuu wa kitivo anaweza kumruhusu kwa barua, au lazima tufike kwa makamu mkuu wa chuo? Zile mbili atazifanya kama special, yaani mtihani maalumu baadaye, au atahesabiwa kafeli? Na ikibidi kuahirisha mwaka, mkopo wake unabaki?

Nipo hapa, nasoma kila jibu.