Spana za mpini wa ajabu: zina kazi au ni urembo? Tupeane uzoefu

Wadau, jana nilikuwa Kirinyaga Road, Nairobi, natafuta spana ya milimita 14. Nikaonyeshwa moja ambayo mpini umesokotwa katikati ili bapa lake likae kiganjani badala ya ukingo. Bei karibu mara tatu ya ile ya kawaida. Nikaishika, nikaipenda, nikairudisha, na usiku nikaiota. Mwenye amewahi kufanya kazi na hizi atupe ukweli.

Fundi wa Kariobangi: Ya kusokotwa ninayo mwaka wa tatu. Nguvu haiongezi, nguvu iko kwenye urefu wa mpini. Inachookoa ni mkono. Siku ya kufungua giaboksi mbili, ile ya kawaida inakuachia mfereji kiganjani, hii hapana. Ubaya wake, vichwa viwili havilali upande mmoja, kwa hiyo pahali pembamba mpini unagonga chuma cha jirani. Nilinunua 14 na 17 tu. Seti nzima ya nini?

Mama Gereji: Mimi nazitetea spana za nusu mwezi, zile za ringi zenye mpini uliopinda. Kuna Probox ililetwa stata, ile mota ya kuwashia injini, imekufa. Bolti ya juu nikaitoa vizuri, ya chini iko nyuma ya tumbo la stata, huioni, unaipapasa tu. Spana ya mdomo ukiigeuza chini juu inahitaji digrii 30 za kuzunguka, pale sikuwa na hata 20. Nilikaa chini ya hilo gari kuanzia saa nne mpaka saa nane, vidole vimechunika, mwenye gari anauliza kila dakika kumi. Jirani akaniazima spana ya ringi iliyopinda kama mundu. Ikaizunguka stata, ikashika, ikafunguka kabla chai haijapoa. Kesho yake nikanunua yangu. Huwa inalala sandukuni miezi miwili bila kuguswa, na sijutii.

Wa Dagoretti: Zenye raba mpinini mziache. Raba ikinywa oili na petroli inalainika, inaanza kuzunguka yenyewe huku nati imetulia. Yangu niliichuna kwa kisu.

Jua Kali 19: Kwa nini mnunue? Chukua spana kuukuu, peleka Kamukunji, fundi wa gesi aipashe moto katikati aipinde unavyotaka. Sharti moja: kichwa kifungwe kitambaa kibichi. Moto ukifika mdomoni chuma kinapoteza ugumu, na nati ngumu ya kwanza inaupanua mdomo. Nimeharibu mbili nikijifunza.

Fundi wa Kariobangi: Hata huko katikati inalegea kidogo. Usiivishe paipu ya kurefusha mpini.

Mwanzisha mada: Nimeelewa. Ya kusokotwa nachukua 14 peke yake. Mama Gereji, hiyo nusu mwezi unaweza kuniazima Jumamosi? Nina stata inanisubiri.

Mama Gereji: Spana haitoki. Leta gari.