Tangi dogo la maji chumvi na mawe hai: nitrati iko 80, nibadilishe maji?

Pweza_Mtoro:
Wakuu, salaam. Nina tangi la lita 60. Ndani kuna mawe hai (vipande vya mwamba wa baharini vyenye viumbe) kilo 6 hivi, mchanga, hita na pampu ya kuzungusha maji, samaki bado hata mmoja. Mawe yalisafirishwa yakiwa yamefungwa kwenye magazeti mabichi, si ndani ya maji. Hii ni wiki ya pili.

Vipimo vya leo (kemikali kwa mg kwa lita): amonia 1, nitriti imegonga rangi ya mwisho kwenye kadi, nitrati 80, chumvi 1.025 (uzito wa maji ukilinganishwa na yasiyo na chumvi), joto 26. Maji yananuka kidogo na mchanga umeanza kuota utando wa kahawia.

Nibadilishe maji au niache? Nitrati 80 kwa tangi changa si balaa? Na konokono niwaingize lini? Huu utando unanikera.

Jabali:
Usiguse maji mkuu. Ukiyabadilisha unawanyang'anya bakteria chakula, unajirudisha nyuma bure. Zima taa, subiri wiki sita, kisha weka samaki.

Mama Matumbawe:
Jabali, hizo wiki sita umezitoa wapi? Mawe yaliyokuja ndani ya maji yanaweza kuwa tayari ndani ya siku chache, na makavu kabisa yanaweza kupitisha hata miezi miwili. Kinachoamua ni vipimo.

Halafu bakteria tunaowataka, wanaogeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati, hawaelei majini. Wameng'ang'ania mawe na mchanga, kwa hiyo hata ukimwaga nusu ya maji wao wanabaki. Tofauti ya mawe hai na makavu ni kwamba mawe hai yana wenyeji: sponji, minyoo, mwani wa zambarau. Amonia ikizidi 2 nao wanaanza kufa, wakifa wanaoza, na amonia inapanda tena. Hapo nabadilisha maji bila kuuliza mtu. Ikiwa 1 kama yako, naacha.

Mzee wa Mwamba:
Mimi nimeshtushwa na hiyo harufu kuliko namba. Mawe yaliyosafiri nje ya maji huwa yamebeba maiti. Chota maji ya tangi kwenye ndoo, toa jiwe moja moja, nusa. Jiwe zima hunuka kama pwani. Ukikuta sehemu laini yenye utando mweupe au weusi unaonuka yai bovu, isugue kwa mswaki mpya humo humo ndooni, suuza, rudisha. Usitumie maji ya bomba, klorini itaua hao hao unaowafuga. Na usisugue mpaka jiwe ling'ae, unaondoa mizoga tu.

Kuhusu nitrati, hiyo 80 ipuuze kwa sasa. Kipimo cha nitrati kinafanya kazi kwa kuigeuza nitrati kuwa nitriti, kisha kuipa rangi. Ukiwa na nitriti tele majini, nayo inahesabiwa humo na namba inavimba. Pima tena nitriti ikifika 0, ndipo ubadilishe maji mengi kabla ya mnyama yeyote kuingia.

Pweza_Mtoro:
Asante Mzee. Na nitriti yenyewe? Kila ninaposoma naambiwa ni sumu kali.

Mzee wa Mwamba:
Kwenye maji baridi (yasiyo na chumvi), ndiyo. Baharini kloridi ni nyingi mno, nayo huizuia nitriti kupenya kwenye matamvua, kwa hiyo samaki wa chumvi huivumilia kwa kiwango kikubwa. Kwako ni ishara tu kwamba bakteria wanaokula amonia wameshika kasi, na wanaokula nitriti bado wanajikokota. Hao wa pili huchelewa siku zote.

Mama Matumbawe:
Amonia na nitriti zikifika 0, usiamini siku hiyo hiyo. Ongeza kloridi ya amonia kidogo kidogo hadi kipimo kisome 1 (wenye mawe makavu huenda hadi 2, sisi wa mawe hai tusifike huko). Baada ya saa 24 ikisoma 0, tangi liko tayari kwa samaki mmoja mdogo. Wa pili asubiri wiki kadhaa, kwa sababu bakteria huongezeka kulingana na uchafu wanaoletewa.

Utando wa kahawia ni diatomu, mwani wadogo mno. Wanakula silika ya maji na mchanga mpya, ikiisha wanapotea wenyewe. Konokono wasubiri mpaka amonia iishe kabisa.

Na maji yakipungua kwa mvuke jazia yasiyo na chumvi. Mvuke hauondoki na chumvi, na lita 60 hubadilika upesi.

Pweza_Mtoro:
Nimenusa yote. Jiwe moja lilikuwa na sponji iliyooza kwa chini, nimelisugua. Ila usiku nasikia kitu kinagonga "tak, tak" humo ndani. Ni kioo kinapasuka?

Jabali:
Kioo hakigongi usiku tu mkuu. Ni kamba wa bastola, anayealisha kucha lake, hana neno sana, au ni kamba-vunjajungu, na huyo atakula kila samaki utakayeweka. Zima taa zote, mulika kwa tochi nyekundu. Ukiona macho mawili juu ya vijiti, kila moja likizunguka kivyake, ni vunjajungu. Toa jiwe lenye tundu lake, liinamishe juu ya ndoo, mwagia tundu maji yenye chumvi kali, atachomoka. Mkinge kwa kopo. Usimshike kwa mkono, pigo lake linachana kidole.