Reli ya Bernina mwezi wa Oktoba: treni ya panorama au ya kawaida?

Abiria_Tororo: Habari zenu wakuu. Oktoba nitakuwa Milano kikazi, na siku moja iko wazi. Nataka kupanda reli ya Bernina, Tirano (Italia) hadi St. Moritz (Uswisi) na kurudi, nione miti ikiwa na rangi ya dhahabu. Nichukue Bernina Express, ile ya panorama? Nikae upande gani? Viza ya Schengen ya kuingia mara moja inatosha?

Fundi_Mataruma: Chukua treni ya kawaida, ndugu. Inapita reli ileile, huondoka karibu kila saa, na huhitaji kulipia kiti kando kama kwenye Express. Madirisha ya Express hayafunguki, kwa hiyo picha nyingi hutoka na taa za ndani zimejichora juu ya mlima. Kwenye treni ya kawaida tafuta behewa lenye kioo cha kushusha. Ukikosa, gusisha lenzi kwenye kioo, zungushia kitambaa cheusi, na uondoe polaraiza (kichujio cha lenzi cha kupunguza mng'ao), maana kwenye vioo vigumu huleta mabaka ya rangi.

Kutoka Tirano kaa kushoto. Utaliona daraja la mzunguko la Brusio, matao tisa, treni ikijipindia yenyewe ili ipate kimo. Toka Poschiavo hadi kituo cha Alp Grüm reli inajikunja mno na mandhari huhama upande, basi simama mlangoni. Juu, ziwa Lago Bianco na barafu ya Morteratsch viko kushoto tena. Wakati wa kurudi, kaa kulia.

Njia hii ina upana wa mita moja, sawa na reli yetu ya zamani ya Malaba hadi Kampala. Hupanda kutoka mita 429 hadi 2,253 pale Ospizio Bernina, mwinuko ukifika mita 7 kwa kila 100, bila reli ya meno, yaani ya kati inayoshikwa na gurudumu lenye meno. Timboroa kwa jirani zetu Kenya ni juu zaidi, ila mwinuko wake ni wa taratibu.

Nyanya_wa_Kabale: Mwanangu, usiende hadi St. Moritz. Milano–Tirano ni kama saa mbili na nusu, Tirano–St. Moritz zaidi ya mbili, na bado kurudi: siku itaishia kitini. Geuzia kituo cha Morteratsch. Miti ya dhahabu iko hapo, kati yake na Pontresina. Ni jamii ya misonobari, lakini hii hupukutisha sindano zake. Ospizio kwenyewe ni mawe na nyasi tu.

Lenga katikati ya Oktoba. Miti iliyo juu hugeuka rangi kwanza, ya bondeni hufuata, na upepo mkali au theluji nzito ukitangulia huiacha mitupu. Vaa jaketi la kuzuia upepo, glavu na viatu visivyoteleza. Beba chakula, kwani hoteli nyingi za milimani hufunga kati ya msimu wa kiangazi na wa theluji.

Msafiri_Entebbe: Viza ya mara moja inatosha, Italia na Uswisi zote ziko ndani ya Schengen. Beba pasipoti yenyewe, si nakala, kwa sababu Tirano ni mpakani na ukaguzi hufanyika. Saa za kule ziko nyuma yetu kwa moja, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba kwa mbili. Baada ya hapo jua huzama kabla ya saa kumi na moja na nusu jioni, na bondeni kivuli huwahi zaidi. Panda treni ya alfajiri kutoka Milano.