Bi mkubwa anataka arudishwe kwetu Wete, Pemba, kaka hataki. Tufanyeje?

mwana_wa_wete
Asalam aleykum jamani. Naomba ushauri na mnisamehe kama naandika ovyo, nna siku tatu sijalala vizuri. Bi mkubwa wangu, mama yangu mzazi, ana miaka 81, sukari na presha za miaka mingi, sasa figo zimekufa zote mbili na moyo nao umechoka. Tuko nae hospitali huku mjini Unguja wiki ya pili. Kasafishwa damu mara nne, ile ya nne presha ikashuka akazimia pale pale kwenye mashine, toka siku hiyo kasema mie kule sirudi, nirudisheni kwangu nikafe kwenye kitanda changu. Maneno yake hayo hayo.

Juzi daktari katuita koridoni, kasimama na faili lake hata kukaa hatukukaa, akasema sisi hatuna la ziada mnaweza mkamchukua. Basi, kaondoka. Kaka yangu yuko Dar anasema tukimtoa tumemuua wenyewe, anataka apelekwe huko na ikibidi India, keshaanza kuchangisha. Mamdogo anasema tumuulize mwenyewe, kaka anasema asiambiwe kitu atavunjika moyo. Na mie ndo nnaelala nae, nimetandika mkeka chini ya kitanda, usiku namsikia anavyogugumia. Kumrudisha ni kumtelekeza? Na maumivu yake tutayafanyaje kule?

mchuma_karafuu
Pole sana. Sie babaetu tulimpeleka Dar na kansa ya koo ilokuwa imeshaenea, tukauza shamba la mikarafuu, wiki tano kakaa kule na mipira puani. Kila siku akiomba maji ya dafu na kila siku tunamwambia hairuhusiwi baba, subiri utapona. Kafa na hamu yake. Tukamrudisha maiti kwa boti. Shamba halinitoi roho, dafu lile ndo linanitoa roho mpaka leo.

Sahil
Msikate tamaa, jirani yetu aliambiwa hivo hivo na yupo mpaka leo anakwenda sokoni. Madaktari si Mungu. Mpelekeni.

nesi_zamu_ya_usiku
Sahil kila mgonjwa na lake, huyo jirani sijui alikuwa na nini, hebu tuongee ya huyu bibi.

Dadangu, mie wodini nna miaka 19. Lile neno "hatuna la ziada" silipendi, la kuponesha ndo hakuna, la kumpunguzia tabu lipo tena jingi, wenyewe wanaita tiba shufaa. Kabla hujatoka hapo muandame daktari, mkae kitako, muulize maumivu, pumzi, kichefuchefu na muwasho, kila kimoja kina dawa yake, akuandikie. Kusafisha damu kwa kawaida ni mara tatu kwa wiki, masaa kama manne kila mara, na figo haliponi kwa hilo, ni mashine inalifanyia kazi yake tu. Kwa mzee mwenye moyo mbovu mara nyingi hiyo mashine yenyewe ndo inayommaliza nguvu kama ulivoona. Ila nikwambie kweli, akiacha na figo hazifanyi kazi kabisa, mara nyingi ni siku kadhaa au wiki chache, kaka yako ayajue hayo kabla hajachangisha zaidi.

Maumivu kuna morfini ya maji, inapimwa kwa sirinji unamtia mdomoni. Watu huiogopa wanasema atakuwa teja, bibi wa miaka 81 teja wa wapi. Lakini kwa mgonjwa wa figo haitoki mwilini haraka, kwa hivo daktari huanza na kidogo na kuachanisha masaa, au humpa dawa nyengine kabisa, na ukiona anastukastuka mikono au kalala hata ukimwita haamki mpigie simu. Diklofenaki na brufeni za duka la dawa msimpe, mtamaliza hako kafigo kalobaki.

Na akikataa kula muacheni. Hapa ndo tunapowatesa wazee, mtu anashikwa mashavu anatiwa uji kwa nguvu, uji unakwenda mapafuni. Mrowanishie mdomo kwa pamba, midomo mpake mafuta, mgeuzeni kila masaa mawili mgongo usichunike, koo likianza kukoroma mlazeni ubavu.

Maalim_Khalfan
Wa aleykum salaam. Kwa upande wa dini kaka asiwe na wasiwasi. Yule mwanamke mwenye kifafa alipomwendea Mtume (SAW) alipewa hiari, asubiri apate Pepo au aombewe apone, akachagua subira, na wanazuoni wengi wameichukua hadithi hii kuwa dawa si wajibu kila mara. Na kamati ya fatwa ya Saudia mwaka 1409 Hijria ilisema madaktari watatu waaminifu wakikubaliana kuwa mgonjwa hana tamaa ya kupona basi si lazima kumtia mashine ya kumpumulia wala kumkandamiza kifua moyo ukisimama. Kumuharakishia mauti ndo haramu. Muulizeni bibi, ana wasia, ana madeni, ana watu anataka kuwaomba radhi, mkimficha mnamdhulumu wakati wake.

mwana_wa_wete
Ahsanteni nyote Mungu awalipe. Nimemuuliza. Nlikuwa natetemeka, yeye akaniangalia akacheka akasema mwanangu nyie ndo hamjui, mie najua toka siku ile ya mashine. Kisha kaniagiza yule kuku wake mweusi apewe mamdogo na deni la Bi Asha elfu kumi na mbili lilipwe. Kaka nimemtia kwenye simu kwa sauti kubwa wakaongea wenyewe, sikukaa kusikiliza, baadae kanipigia analia anasema anakuja na boti ya kesho. Daktari mwengine, kijana, kakaa na mie kama nusu saa kaandika dawa zote na kanipa namba yake.

Sasa jengine, kuna anaejua bandari ya Mkoani kule Pemba kama wanaruhusu gari iingie mpaka kwenye gati? Hawezi ngazi kabisa na kukaa kwenye kiti muda mrefu anavimba miguu.

mchuma_karafuu
Ongea na wa boti mapema kabla ya kukata tiketi, waambie una mgonjwa wa kubebwa, atangulie kuingia yeye. Chukueni godoro dogo na shuka ya kumbebea. Mie niko Mkoani, siku ikifika niandikie faragha nije na vijana wawili.