Mnaotugawia violezo vya Flutter, kwa nini mnachokonoa faili zinazozalishwa na mashine halafu mnanyamaza?

Jamani mimi nshachoka, leo naisema hapa hapa.

Nina programu ndogo ya simu inayowaonesha kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani saa za maji kupwa na siku za bamvua. Mradi niliurithi, umejengwa kwa Flutter (zana ya Google ya kutengenezea programu za simu), juu ya kiolezo, yaani mradi wa kuanzia, tulichopewa na ofisi moja ya mjini. Google Play imeshaamua: tangu 31 Agosti 2025, ukipeleka toleo jipya lazima lilenge angalau Android 15. Kwa hiyo kupandisha Flutter si hiari.

Nikapandisha, Gradle (zana inayoijenga programu ya Android) ikagoma. Folda ya android imetiwa mkono kila pembe, na hapana hata neno moja la maelezo. Nikafanya wanavyofanya wengi, nikaifuta yote na kuiambia Flutter iizalishe upya. Gradle mpya peke yake ni zaidi ya MB 100, na bando ni langu. Jina lilirudi com.example, nikalirekebisha. Ufunguo wa kusaini nao nikaurudisha. Kwenye simu ya majaribio kila kitu sawa, nikapeleka.

Alfajiri napigiwa kutoka Paje: "Mwanangu, saa hazitoki, kinazunguka kiduara tu. Na leo bamvua."

Nimehangaika mpaka adhuhuri. Kumbe ni ruhusa ya intaneti! Flutter inapozalisha mradi, ruhusa hiyo huiweka kwenye Manifest (faili inayotaja ruhusa za programu) ya debug na ya profile tu, yaani za matoleo ya majaribio kama nililojaribu mimi. Ile ya main, ambayo mteja ndiyo anayoishi nayo, haina. Mwenye kiolezo aliiongeza kwa mkono, hakuandika popote. Ndiyo maana kwangu ilikuwa inafanya kazi na kwa kina mama imekufa.

Na msiniambie ningetazama Git, inayotunza historia ya mabadiliko. Nilitazama! Kila faili imebadilika, kwa sababu mradi ulizaliwa na toleo la kale. Utajuaje mstari upi ni wa mashine na upi ni wa mtu?

Lililonichoma zaidi ni hili: faili ya .metadata, ambayo Flutter yenyewe inakwambia uitunze kwenye Git, huyu bwana wa kiolezo kaitia kwenye .gitignore, orodha ya faili ambazo Git isizitunze. Hiyo ndiyo inayokumbuka toleo lililouzaa mradi. Ningekuwa nayo ningezalisha mradi mtupu kwa toleo lile lile, nikaulinganisha na wetu, na kila tofauti ingekuwa kazi ya mkono wake. Wenzetu wa zana nyingine wana njia zao za kupandisha mradi: Copier inayatunza majibu yako kwenye .copier-answers.yml, Rails wana app:update, watu wa React Native wana Upgrade Helper. Si jambo geni, ni kutojali tu.

Kama umo humu, weka orodha ya ulichokigusa. Na mwenye .metadata ya zamani ya kiolezo hicho naiomba, nina miradi mingine miwili juu yake na sijathubutu kuigusa.