Picha ya kaka yangu akiwa mochari imezunguka WhatsApp, na sheria haitambui mwenye kumdaia haki

Wadau, nina hasira na sitaificha.

Kaka yangu alifariki kwa ajali ya barabarani. Kabla hatujaruhusiwa kumchukua tukamwoshe, picha yake akiwa juu ya meza ya mochari ilikuwa imeshaingia magrupu mawili ya mtaani. Uso wazi, kikaratasi chenye jina lake kimefungwa mguuni. Mama aliionyeshwa na jirani aliyekuja kumpa pole. Hadi leo ujumbe ukiingia kwenye simu yake, anashtuka.

Picha ile haikupigwa na wapita njia. Ilipigwa ndani, mahali wasiohusika hawaingii. Kwetu maiti huoshwa nyuma ya pazia, na aliyeosha hasimulii alichokiona. Nilipokwenda kuuliza nani alikuwa zamu siku ile, nikajibiwa: "Lakini mwenyewe si ameshakufa?"

Nikaisoma Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Kifungu cha 27 kinasema nani anaweza kudai haki kwa niaba ya mwingine: mzazi au mlezi wa mtoto mdogo, mlezi au msimamizi wa mwenye ulemavu, na yeyote aliyeidhinishwa na mwenye data, yaani yule ambaye taarifa zinamhusu. Sasa marehemu amwidhinishe nani, na lini? Kaka alitoka asubuhi akienda kazini!

Msimamizi wa mirathi hayumo. Mahakama ikinipa hati, nitadai pesa zilizobaki kwenye simu yake na kiwanja chake. Ila picha ya mwili wake na ripoti ya daktari, kifungu hicho hakinijui.

Na asiniambie mtu kwamba haiwezekani. Kanuni za Ulaya, ambazo sheria yetu imezifuata kwa mengi, ziliwaacha wafu nje lakini zikaruhusu kila nchi ijipangie. Denmark ikaweka ulinzi wa miaka 10 baada ya kifo. Ufaransa tangu 2016 mtu anaacha maagizo kuhusu data zake, na asipoacha, warithi wana haki fulani. Sisi tumejipangia nini?

Wabunge waongeze mstari mmoja tu kwenye kifungu cha 27: msimamizi wa mirathi, na kabla hajateuliwa, mke, mume, mzazi au mtoto. Na simu zisiingie mochari, awe daktari awe mfagizi.

Wewe unayesoma hapa, kama picha ile ilikufikia, nakuomba uifute leo. Ana watoto wawili, na mkubwa ameanza kushika simu.