Chumba cha mama hakikaliki mchana, na baridi ikija hakishiki joto. Ninunue kiyoyozi kikubwa?

Mkaa_Juu: Wakuu, habari zenu. Naomba mnisaidie kabla sijatoa hela. Tunakaa ghorofa ya mwisho, juu yetu ni dari nyembamba ya mbao, kisha bati. Kuanzia saa nane mchana hadi usiku mama yangu, mwenye miaka 78, hapati raha chumbani kwake. Kiyoyozi nimekiweka nyuzi 18, kinanguruma bila kupumzika, na bado anasema kichwa kinamuwaka. Msimu wa baridi tunawasha hita ya umeme. Tukiizima tu, chumba kinapoa hapohapo. Bili zinanielemea. Kuna fundi kaniambia kiyoyozi changu ni kidogo, ninunue kikubwa. Nifanyeje?

FundiDari: Pole sana, mkuu. Usinunue kwanza. Saa kumi jioni weka kiganja karibu na dari, halafu karibu na ukuta. Wapi panafukuta zaidi? Na dirisha linatazama upande gani?

Mkaa_Juu: Nimetoka kupima sasa hivi. Dari, tena kwa mbali sana. Dirisha ni la magharibi, kioo kikubwa, lakini pazia zito lipo.

FundiDari: Basi tatizo umelishika kwa mkono wako mwenyewe. Mwili hausikii joto la hewa peke yake, unapokea pia joto linalotoka kwenye dari, kuta na vioo. Kiyoyozi kinapoza hewa, lakini dari iliyopata moto inamchoma mama kama mtu aliyekaa karibu na jiko. Nyuzi 18 haziwezi kuliondoa hilo. Na dari hiyohiyo ndiyo inayowapotezea joto la hita.

Hela ya kiyoyozi itandaze juu ya dari. Tumia pamba ya nyuzi za kioo au ya mawe, sentimita 10 kwenda juu, na ukimudu 20 ni bora zaidi. Isiachwe mapengo, wala isigandamizwe, maana kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani yake. Ukishinikiza sentimita 10 zikawa 5, umetupa hela. Watu wengi huweka foili ya kung'aa wakadhani wamemaliza. Foili inafanya kazi pale tu upande unaong'aa ukiachiwa nafasi ya hewa. Ikibanwa katikati ya vitu viwili haizuii chochote.

Nuru_ya_Asubuhi: Niongezee kuhusu pazia. Jua likishapita kioo limeshaingia, pazia linalipokea na kulirudisha chumbani likiwa joto. Kinga iwe nje ya kioo: turubai, mbao za kukinga jua, hata mmea unaotambaa. Jua la jioni liko chini, kwa hiyo upenu mfupi hautasaidia. Weka kitu kinachosimama wima mbele ya dirisha.

Kapumziko: Mimi nasema zima kiyoyozi kabisa, weka pangaboi. Linakula kama wati 50 hadi 75, kiyoyozi kinapita 1,000 kirahisi.

Muuguzi_Mstaafu: Ndugu yangu Kapumziko, kwa mzee usimshauri hivyo. Pangaboi halipozi chumba, linampoza mtu kwa kukausha jasho, na wazee hutoa jasho kidogo. Hewa ikizidi nyuzi 35 inakuwa na joto kuliko ngozi, hapo upepo unaweza kumwongezea joto badala ya kumpunguzia. Atumie vyote viwili: kiyoyozi nyuzi 25 au 26, pangaboi polepole, na maji ya kunywa karibu. Akitoka chumbani, pangaboi lizimwe.

FundiDari: Naunga mkono. Na usiku nje kukipoa kuliko ndani, fungueni madirisha ya pande mbili hewa ipite, asubuhi mfunge mapema.

Mkaa_Juu: Asanteni sana. Turubai nimefunga nje juzi. Jana saa kumi na moja kiyoyozi kwenye 26 kilikuwa kinapumzika chenyewe, jambo ambalo sijawahi kuliona. Mama kalala mapema. Nimepitisha pia kijiti cha udi kwenye fremu, moshi unavutwa pembeni mwa dirisha na chini ya mlango. Nizibe kote?

Muuguzi_Mstaafu: Kuna jiko la mkaa au la gesi linalowashwa humo ndani?

Mkaa_Juu: Wakati wa baridi huwa tunaingiza la mkaa kidogo.

Muuguzi_Mstaafu: Nakuomba uache leo. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina rangi wala harufu, na chumba kilichozibwa kinaijaza haraka. Mtu hulala asiamke. Ziba nyufa, lakini mkaa usivuke mlango huo tena.

Mkaa_Juu: Nimelitoa. Pamba inatandazwa Jumamosi.

FundiDari: Kabla hawajatandaza, nyaya za juu ya dari zikaguliwe, na taa zilizozamishwa darini zisifunikwe na pamba kama hazikutengenezwa kwa hilo. Mafundi wavae barakoa na glavu. Mama ahamie chumba kingine hadi vumbi litulie.